Namna Nilimulilia Bisimwa ku Galerie

Afazali niandike mimi mwenyewe, na mukono wangu na makosa yangu, kwa sababu hii habari ikiandikwa na wengine (nawajua, wa kwanza ni Papa Kalinda jirani yangu) wataongeza chumvi mpaka chakula ishindwe kulika, na chumvi yenye iko ndani tayari inatosha. Ni habari ya kuona haya. Mimi, muzee wa wajukuu kumi na wawili, mutu wa kanisa, nilipiga magoti mbele ya watu wa quartier nzima nikamulilia kwa sauti mutu mwenye, ile saa, alikuwa amekaa kwenye kiti anakunywa sucré, ile soda yetu.

Vijana wa galerie njo wameniomba. Wanataka kutengeneza ukuta moja ya maonyesho yote yenye yalipita pale, toka ya kwanza, na kila mutu mwenye alikuwako aandike kwenye karatasi kile anakumbuka. Galerie yenyewe si kitu ya kuogopesha. Ni depot ya zamani ya kahawa, hapa Bukavu, chini ya mutaa wetu wa Kadutu, ukishuka ile ngazi ya mawe mpaka barabarani. Vijana waliipaka chokaa, wakaweka taa, ikakuwa galerie. Mimi nilikuwa nafikiri ni fasi ya watu wenye walisoma. Mimi nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primaire, mwalimu akasema niende nyumbani nipumzike kidogo, na bado napumzika.

Ya kwanza ilikuwa ya vikapo vya wamama wa Nyangezi, na pale nilijionyesha mujinga kidogo tu (nilianika kofia yangu ndani ya kikapo moja, nikaambiwa polepole niitoe). Ya pili ilikuwa ya picha za zamani za Bukavu, ile yenye mujane moja alimuona marehemu bwana yake, kijana bado, mbele ya ziwa, amekamatana mikono na mwanamuke mwingine, na ule mama akabaki amesimama mbele ya ile picha mpaka saa ya kufunga, kisha akasema tu: "Hivyo viatu nilimununulia mimi." Akaenda. Ya tatu ilikuwa ya kijana mwenye aliokota chupa za plastiki ku ziwa akazifanya ngombe mukubwa, na wajukuu wangu walitaka kumupanda. Kwa hizo zote ningeandika vizuri, bila jasho. Lakini kila mutu akinikuta njiani ananiuliza ya nne. Haya basi, ya nne ilikuwa ya Bisimwa.

Bisimwa ni mupakaji wa plaque, zile bati za matangazo mbele ya maduka. Kama umepita Kadutu umeona kazi yake hata kama yeye haumujui: ngombe ya boucherie, duka ya nyama, yenye inacheka, sindano ya pharmacie kubwa sawa bunduki, ule mama wa restaurant mwenye sombe yake ya majani ya muhogo inatoa moshi mpaka unasikia njaa, vyote ni mukono wake. Mimi nilikuwa nakata watu nywele, yeye anapaka, kiosque yangu na yake zilikuwa zinagusana migongo ku soko. Tulikula pamoja, tukakunywa pamoja kasiksi, pombe ya ndizi, alinisimamia kwa ndoa, nikamubatizia mutoto.

Sasa siku moja nikamuomba anipakie plaque ya salon. Nilitaka kijana muzuri, nywele zimekatwa sawa mwanamuziki, mutu akiona aseme: mimi pia nataka kuwa hivi. Bisimwa akajifungia siku nne. Akatoka na bati kubwa, urefu wa mutu, na juu ya ile bati nikajiona mimi. Mimi mwenyewe, na blouse yangu nyeupe ya kazi, na makasi, na sikio yangu ya kuume yenye inapita ya kushoto kwa ukubwa (ni kweli inapita, mama yangu alisema nililalia upande moja tangu tumboni). Watu wakaanza kunicheka. Haikuwa kicheko mubaya, lakini ilikuwa kicheko: "Papa Sikio! Papa Sikio, utusikilizie kama mvua inakuya!" Mwezi moja nikavumilia, miwili nikavumilia, wa tatu ukanishinda. Siku moja ya mvua kubwa, soko iko tupu, nikang'oa ile plaque, nikaipandisha nyumbani kichwani, na kwa sababu choo yetu haikukuwa na mulango ya maana, nikaifanya mulango ya choo. Upande wa picha nikaugeuza ndani, mupita njia asione. Kisha nikatangaza kwamba wezi wameiba.

Hapa njo dhambi iko, si kwa mulango. Bisimwa aliamini. Alizunguka Kadutu yote muda wa wiki mbili, kwa wauza vyuma vya zamani, kwa watengeneza mbabula, majiko ya makaa, akiuliza kama waliona bati yenye uso wa coiffeur, mukata nywele, na jioni alikuwa anapita kunipa pole. Mimi! Akaniambia: "Ile njo kazi yangu yenye nilipaka na roho yote. Leka, nitakupakia ingine." Na mimi, kwa kuogopa sikio ingine, nikamujibu vibaya: "Acha tu, Bisimwa. Plaque zako zinaita wezi." Akaniangalia. Akakusanya pinceau zake za kupakia. Wiki yenye ilifuata alihamisha kiosque yake upande mwingine wa soko, na tukapita miaka sita hatusalimiani, yeye akifikiri kwamba ninazarau kazi yake, na mimi najua ukweli, nakaa nayo kila asubuhi mulango imefungwa, tunaangaliana, mimi na mimi, sikio kwa sikio.

Basi sikilizeni namna niliingia mutegoni. Siku moja ya katikati ya wiki napita ku soko, Maman Furaha muuza nyanya akaniita.

"Papa Mugisho! Habari ya Bisimwa muliisikia?"

"Habari gani?"

"Eeh! Batamu-exposer samedi, saa tisa, kule ku galerie."

Wenye hamukai Bukavu mujue: hapa kwetu mutu akikufa, na sanduku ikifunguliwa ili watu wapite kumuangalia mara ya mwisho, tunasema wanamu-exposer. "Batamu-exposer saa ngapi?" njo swali ya kwanza ya kila kilio. Kwamba vijana wanatumia neno hilo moja wakianika kazi ya mutu ukutani, haikunipita kichwani. Nilishasikia exposition ya vikapo, ndiyo, lakini kikapo hakikufi. Mutu anakuwa exposé mara moja tu.

Pale njo nilipashwa kuuliza neno moja: alikufa na nini? Maman Furaha angecheka, mimi ningecheka, kila mutu angerudi kwake. Lakini niliona haya. Rafiki wa miaka yote agonjwe, akufe, na mimi nisikie kwa muuza nyanya? Nikakaza shingo nikasema:

"Nilishasikia. Tangu jana."

"Na mutaenda?"

"Nitakosa namna gani? Nitaenda na watu."

"Aah, njo vizuri! Atafurahi sana."

(Atafurahi! Nikasema moyoni: huyu maman ana imani kubwa.)

Nilitembea mpaka nyuma ya soko, fasi watu hawanioni, nikaegemea ukuta. Miaka sita. Nilikuwa najiambia kila mara nitamuomba musamaha kwa Noeli, Noeli ikipita nasema Pasaka, Pasaka ikipita nasema tuone, na sasa mutu amenipita. Nikaapa kwamba hawatamufunika na udongo mbele sijamuambia ukweli, hata kama hasikii.

Toka pale nikaenda moja kwa moja kwa Maman Régine, mukubwa wa shirika yetu ya kanisa. Maman Régine ni mama mwenye akisikia kuna kilio, hata maharagi ikiwa kwa moto anaishusha.

"Bisimwa? Bisimwa wa ku soko?"

"Yeye."

"Lakini nilimuona juzi, alikuwa anatafuna mahindi!"

"Njo vile kifo iko, maman."

Akafanya alama ya musalaba, akatoa simu. Nyuma ya saa moja wamama kumi na wawili walikuwa wanapiga pasi vitambaa vyao vyeupe. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, peke yake njo aliweka mashaka.

"Papa Mugisho, mbona hatukusikia kilio kwao?"

"Watu wa siku hizi wanalia ku WhatsApp."

"Na kwa nini ku galerie? Kwa nini si kanisani?"

"Kanisani iko ndoa."

"Enda uliza kwanza."

"Niulize nini? Nimukute mujane nimuambie, eti kweli bwana yako alikufa? Njo adabu hiyo?"

Samedi, ile Jumamosi yenyewe, asubuhi akasema tumbo inamuuma, hatatoka. "Lakini uliza," akasema tena, kutoka kitandani.

Sikuuliza. Nilivaa suti nyeusi ya ndoa yangu (haifungiki tena, nilishika koti na mukono), nikabeba couronne ya maua ya plastiki, na saa nane na nusu tukaanza kushuka ile ngazi ya mawe, mimi mbele, wamama nyuma, wimbo juu. Kadutu ikisikia wimbo ya namna ile inasimama. Wenye moto, zile pikipiki za kubeba watu, wakazima injini zao, muuza ndizi akashusha kitunga, muzee moja akatoa kofia akauliza ni nani. "Ni Bisimwa, ule wa plaque." "Ayiii! Bisimwa!" Akaingia kwa mustari. Mwingine naye akaingia. Tulipofika chini hatukuwa tena kumi na watatu, tulikuwa watu sawa arobaini, na kati yao kuna wenye walikuwa wanalia kunipita, na Bisimwa hawakumujua hata kwa sura.

Sasa mimi nawauliza, wewe ungeona nini? Mulangoni vijana wote wamevaa polo nyeusi. Kuna meza na kitambaa nyeupe, na cahier kubwa, na bic ya kuandikia. Kuna picha ya Bisimwa kubwa ndani ya cadre, maua pembeni, na juu imeandikwa MERCI PAPA BISIMWA, na chini miaka miwili na kamustari katikati, mwaka ya kuanza na mwaka ya kumaliza. (Nyuma njo niliambiwa ni miaka ya kazi, si ya maisha. Lakini kale kamustari! Kale kamustari wote tunakajua.)

Dada moja wa galerie, amevaa polo nyeusi, akatukimbilia na macho yanangaa.

"Karibuni papa! Karibuni bamaman! Oh, hata mulikuya na wimbo!"

Nikasema moyoni: huyu mutoto huzuni imemuchanganya. Nikamukamata mikono yote miwili. "Pole sana, binti yangu."

"Aksanti papa. Kweli tulichoka. Wiki tatu hatulale."

Wiki tatu! Kumbe aliteseka hivyo, na mimi niko ku soko nanunua nyanya. Nikainama kwenye cahier nikaandika: "Ndugu yangu pumzika, tutaonana karibuni, Papa Mugisho coiffeur." Wamama wakaandika nyuma yangu, moja kwa moja, na Maman Régine akaandika sala nzima, ikajaza ukurasa na nusu.

Ndani kulikuwa watu wenye wamevaa vizuri, miwani, viatu vya visigino virefu, wanasemezana polepole sawa watu wenye kuheshimu marehemu. Kwenye kuta zote ni plaque za Bisimwa: ngombe yenye inacheka, sindano, mama wa sombe. Nikasema familia imefanya vizuri kumuzungusha na kazi yake. Na kule mwisho wa salle, pazia nyekundu, kubwa, imefungwa. Nikajua sanduku iko pale nyuma.

Kweli ni kwamba nyuma ya ile pazia vijana walikuwa wamemukalisha Bisimwa kwenye kiti, na cravate shingoni na chupa ya sucré, wakamuambia asitoke mpaka saa ya hotuba, ili watu wapate surprise. Surprise waliipata.

Mimi sikungojea hotuba. Nilipita katikati ya watu, nikaweka couronne chini ya pazia, nikapiga magoti, na kile kilikuwa ndani yangu miaka sita kikatoka.

"Bisimwa! Bisimwa ndugu yangu! Unaenda hivi bila kuniaga! Bisimwa, ile plaque haikuibiwaka! Ni mimi niliing'oa! Niliogopa sikio! Ulizunguka soko muzima unaitafuta, unakuya kunipa pole, na mimi niko nayo ku nyumba! Niliifanya mulango ya choo, Bisimwa! Mulango ya choo! Kila asubui ninaiangalia, ninaona vile uliipaka muzuri, na nilikosa kinywa ya kukuambia! Unisamehe mbele bakufunike na udongo!"

Nyuma yangu wamama wakapasuka na kilio, ile kilio ya kweli, mikono juu ya kichwa. Mimi nikaweka paji langu chini kwenye ciment. Na pale nikasikia kitu yenye sijawahi kusikia ku kilio yoyote tangu nizaliwe.

Makofi.

Watu wa miwani walikuwa wanapiga makofi. Wengine wamenyanyua simu wananifilimu. Papa moja akasema kwa sauti: "Performance ya nguvu sana!" Mwingine akamuuliza: "Ule muzee bamutoa wapi? Ni acteur?" Nikageuka na machozi yangu na makamasi yangu, na hasira:

"Munapiga makofi ku kilio? Muko batu gani ninyi?"

Wakapiga zaidi.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti yenye naijua sawa yangu:

"Mulango ya nini?"

Nisiseme uongo, hapo sikumbuki yote. Nakumbuka pazia ikifunguka. Nakumbuka Bisimwa amesimama, cravate ya bleu, chupa mukononi, mguu moja ndani ya couronne yangu. Nakumbuka wamama wetu, wenye wanaimba kila wiki kwamba wafu watafufuka, wakitafuta mulango wote pamoja. Maman Régine peke yake hakukimbia, yeye alifungua chupa yake ya maji ya baraka akaimwaga yote kwenye kifua cha Bisimwa, suti mupya, mpaka tone ya mwisho, na akaona hayeyuki.

"Maman, leka!" Bisimwa akasema. "Niko muzima!" Kisha akaniangalia mimi chini. "Mulango ya nini, Coiffeur?"

"Ya choo."

"Ya choo."

"Ndiyo."

"Na iko pale mupaka leo?"

"Iko."

Hakuna mwenye alipiga makofi tena, sura ya Bisimwa iliwaambia kwamba hii haiko muchezo. Na mimi pale magotini nikajua kitu moja. Mutu mufu unamuomba musamaha bila woga, kwa sababu hatajibu. Muzima, jibu iko. Anaweza kusema hapana. Anaweza kunipita tu bila kusalimia, sawa miaka sita, na hiyo njo niliogopa kupita ngumi.

Bisimwa akaweka chupa chini.

"Twende nione," akasema.

Basi tukapanda. Dada wa polo nyeusi akalia kwamba hotuba bado, hakuna mwenye alimusikia. Bisimwa mbele, amelowana, haongei; mimi nyuma yake nashika koti; kisha wamama wenye walirudi polepole kwa kutaka kuona mwisho; kisha watu wa galerie, visigino virefu kwenye ile ngazi ya mawe, wanakamatana mabega sawa vipofu, na ule papa wa miwani ananiuliza bila kupumua kama hii ni sehemu ya pili.

Tukafika ku parcelle ya nyumba yangu. Mulango ya choo imefungwa, upande wa bati tupu unatuangalia. Nikatangulia kuivuta, ikakataa.

"Iko mutu!" Ni sauti ya bibi yangu.

Watu wote wakasimama. Nikakaribisha kinywa kwa bati, nikasema polepole: "Maman Mugisho, toka. Kuna wageni."

"Wageni gani? Bangoye kidogo!"

"Ni Bisimwa."

"Bisimwa alikufa."

"Hakukufa."

Bati ikapigwa ngumi moja toka ndani.

"Nilikuambia uliza!"

Na bado tulingoja, maana tumbo haijui wageni. Watu sawa makumi tano wamepanga mbele ya choo yangu, wanaangalia mawingu, wanaangalia viatu vyao, na Maman Régine, kwa kuniokoa, akaanzisha wimbo ili kusisikike kitu ingine. Strofe tatu nzima. Mwisho bibi yangu akatoka, kichwa juu sawa bibi harusi, akasalimia watu wote na kichwa (mikono, alisema, inangojea maji), akapita.

Bisimwa akashika mulango, akaifungua mpaka mwisho, akaigeuza kwa jua. Nikaonekana. Blouse nyeupe, makasi, sikio. Watu wakaangalia bati, wakaangalia mimi, wakaangalia bati tena, na hakuna mwenye alikuwa na mashaka. Yeye hakuniangalia. Alipitisha kidole gumba kwenye pembe, polepole, sawa mutu anagusa paji la mutoto mugonjwa.

"Mimi nilifikiri balikuwa baliikata kufanya mbabula," akasema.

"Hapana."

"Rangi haikupasuka."

"Haikupasuka, Bisimwa."

Akagusa ile sikio ya bati. "Sikio nililipata."

"Ulilipata sana. Njo shida yenyewe."

Pale njo akaanza kucheka. Ilianza chini kwa tumbo, ikapanda, ikamutikisa cravate, mpaka akakaa kwenye jiwe la kufulia, na mimi nikalia mara ya pili, na safari hii hakuna mutu mwenye alipiga makofi.

Tuliitoa na tournevis, bisibisi ya Papa Kalinda, na bawaba zake zote. Tukaibeba begani, Bisimwa mbele, mimi nyuma, wamama wakiimba, tukashuka tena ile ngazi, na mwenye moto moja, mwenye saa moja yenye ilipita alizima injini kwa kumulilia Bisimwa, akamuona marehemu anakuja amebeba bati, akaacha moto yake inawaka katikati ya njia, akakimbia. Kijana, kama unasoma hapa, tulikuegeshea vizuri.

Ile bati waliianika mwisho wa salle, fasi ya pazia, na kila mutu mwenye aliingia alisimama pale muda murefu kupita kwa ngombe. Sisi nyumbani vijana walitupatia ile pazia nyekundu, njo tulifunga nayo choo, na bibi yangu alisema sasa tuko kama théâtre. Nyuma ya wiki mbili Bisimwa akapanda na mulango mupya ya mbao, amefunika na gunia. Hakusema amenisamehe. Alifunga bawaba, akajaribu kama inafunga, akatoa gunia, akakunywa kasiksi yangu, akaenda. Upande wa nje amenipaka mimi, nimekaa, suruali chini, nasoma gazeti. Kazi iko safi sana mpaka wageni wakifika wanasema "pardon, papa" na kurudi kungoja. Papa Kalinda alingoja nusu saa.

Mimi nimeapa. Mutu akiniambia leo kwamba watamu-exposer fulani, namusimamisha pale pale, mbele ya watu, bila haya, namuuliza: yeye mwenyewe ao vitu vyake? Juzi niliuliza hivyo kwenye kilio ya kweli, na watoto wa marehemu walikaribia kunipiga, lakini afazali wanipige nikiwa na uhakika.

Na Bisimwa, kila tukikaa jioni nyuma ya kiosque, ananiambia: "Coiffeur, siku nitakufa kweli usikuye. Kilio yako nilishaipokea." Namujibu kwamba nitakuja tu, lakini nitamutekenya kwanza.